Boti Haigeuzwi

Katika ukoo wa Solfrid hapakuwa na mtu asiye na hadithi ya kutapika. Yeye mwenyewe alitapika akiwa na miaka tisa, siku ya upepo wa kaskazini, ndani ya kofia ya babake kwa sababu ndoo ilikuwa mbali. Binti yake Gunnvor alitapika siku tatu mfululizo, na siku ya nne akala viazi na maini ya chewa kama mtu aliyetoka kifungoni. Hadithi hizo zilisimuliwa mezani, watu wakicheka mpaka kahawa ikapoa, na kila moja iliishia palepale: boti haikugeuzwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kisiwa chao. Aliyelevywa na bahari hafi. Ukimrudisha nchi kavu umeufundisha mwili wake kwamba matapishi ni nauli ya kurudi nyumbani, na hatapona maishani. Unampa mkate mkavu. Unamwambia atazame upeo, pale maji yanapokutana na mbingu, kwa sababu pale ndipo mahali pekee palipotulia. Kisha unaendelea kuvuta nyavu, wala humwiti mgonjwa. Solfrid aliijua sheria hiyo kama alivyoijua sala ya Bwana, na aliiamini kwa sababu mara nyingi ilikuwa kweli.

Mjukuu wake wa pekee, Ylva, alitimiza miaka tisa, umri wa safari ya kwanza, mwezi wa Novemba. Kwa hiyo likizo ya majira ya baridi, mwishoni mwa Februari, ilikuwa zamu yake ya kutoka na boti ya mama yake. Gunnvor alikuwa nahodha wa boti yake mwenyewe, na baharia wake alikuwa Roald, mzee wa miaka sitini na mbili, mwenye mikono kama makasia. Baba wa mtoto alikuwa Uswidi na mke mwingine, alituma kadi. Msimu wa chewa Gunnvor aliondoka kabla ya watu kuamka na kurudi jioni akinuka dizeli, hivyo Ylva alilala kwa bibi yake. Ulikuwa mpango mzuri kwa wote watatu. Gunnvor hakufanya jambo bila kumuuliza mama yake. Alimuuliza juu ya mwanamume wa kuolewa naye, na baadaye juu ya kuachana naye. Alimuuliza hata rangi ya kuipaka boti. "Mama, unaonaje?" Solfrid aliyapenda maneno hayo kuliko wimbo wowote wa kanisani.

Tarehe ishirini na nane Januari ni siku ya jua kisiwani. Kwa wiki nyingi mlima huwa umelificha, na siku hiyo, likijaliwa mbingu safi, hutokeza begani mwa mlima kwa dakika kumi na moja. Watoto hawasomi. Wanapandishwa kilimani nyuma ya shule, wanapewa maandazi ya jua yaliyojazwa jamu, na wanalisubiri.

Mwaka huo mbingu zilikuwa safi. Jua lilipochungulia, watoto wakapiga kelele, na Ylva akashika mkono wa bibi yake.

"Bibi, yako mawili."

"Mawili nini?"

"Majua. Na yote yanaruka."

Mwenye duka aliyesimama karibu akaangua kicheko. "Huyo ni mtoto wa nahodha kwelikweli. Amevua jua moja, anatangaza mawili."

Watu wakacheka, na Solfrid naye akacheka. Kisha akainama kumfuta mjukuu wake jamu shavuni, na hapo akayaona macho yake. Yalikuwa yanateleza polepole kwenda pembeni, kisha yanarudishwa kwa mshtuko mdogo, yanateleza tena, yanarudishwa tena, kama mtu anayesoma mstari uleule asiweze kuumaliza. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi mchana. Solfrid alijiambia kwamba ni mwanga. Mtoto ametoka kwenye giza la wiki nyingi, macho yameshtuka. Akammalizia kumfuta shavu.

Baada ya hapo zikaja asubuhi. Ylva aliamka, akashika kichwa, akatapika, kisha akawa mzima. Akala, akavaa buti, akaenda shule. Siku nyingine alitembea ukumbini huku kiganja chake kikisugua ukuta. Solfrid alipomuuliza, mtoto alisema sakafu inazunguka kidogo halafu inaacha.

"Unaogopa safari?"

"Siogopi."

"Hata ukiogopa si vibaya. Mimi niliogopa."

"Siogopi, bibi. Nahesabu siku."

Solfrid alimpa mkate mkavu. Moyoni aliona fahari kidogo, na hilo baadaye ndilo lililomuuma zaidi. Aliona kwamba bahari imeanza kumjia mtoto kabla hajaifuata, kama inavyowajia wa damu yake. Gunnvor alipouliza, alimjibu hivyohivyo.

"Ni tumbo tu. Bahari inamwita."

"Unaonaje mama, niahirishe mpaka mwakani?"

"Ukiahirisha, mwakani atatapika mara mbili."

"Sawa, mama."

Mwalimu wa Ylva aliitwa Eskil. Alikuwa mtu wa kusini, wa mjini, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu kisiwani. Watu walimtania kwamba huangalia hali ya hewa kwenye simu kwanza, ndipo afungue pazia ahakikishe kama simu imesema kweli. Jumanne moja ya Februari alibisha mlangoni kwa Solfrid, amebeba daftari la Ylva kwapani. Solfrid alimkaribisha vizuri, akampa kahawa na chapati za unga mtamu na jibini ya kahawia, maana mgeni ni mgeni.

Eskil alifungua daftari juu ya meza. "Hii ni ya Desemba. Hii ni ya wiki jana."

Maandishi ya Desemba yalikaa kwenye mistari. Ya wiki jana yalikuwa yameporomoka kuelekea chini, kama kondoo walioachiwa mteremkoni.

"Na kwenye mazoezi anaangukia kushoto," alisema. "Kila mara kushoto. Nikimwambia atazame pembeni, macho yake yanacheza. Nesi wa shule anakuja na feri Alhamisi. Nilimwandikia Gunnvor, akasema nizungumze na wewe. Naomba ruhusa yako nesi amwangalie."

"Mwalimu, wewe ulilevywa na bahari lini mara ya mwisho?"

Eskil alitabasamu. "Kwenye feri ya kuja huku."

"Na feri iligeuka?"

"Haikugeuka."

"Na umekufa?"

"Sijafa. Lakini bibi Solfrid, mimi nilikuwa kwenye feri. Huyu analevywa akiwa kitini."

"Sisi watu wa huku tunalevywa hata tukiwaza tu. Ongeza jibini."

Kijana aliongeza jibini, akala, akashukuru, akaenda zake. Juma lililofuata alimsimamisha Solfrid dukani. Safari hii alikuwa na daftari jipya alilolichora mwenyewe kwa rula, ukurasa kwa ukurasa, mistari mipana na myeusi, ili Ylva aweze kuikamata. Solfrid alizifungua zile kurasa, akaona zilivyo nyingi, na akajua kijana amekaa jioni mbili au tatu kuzichora. Solfrid alikuwa mtu wa kuona wema. Wema wa watu hakuuacha upite bila kuutazama usoni. Akawaza: kijana mwema huyu, ila ni wa nchi kavu.

"Tutamwona daktari baada ya likizo," akamwambia alipouliza tena habari ya nesi.

"Likizo iko mbele bado. Mpaka iishe ni wiki mbili."

"Wiki mbili si mwaka, mwanangu."

Eskil alimwachia daftari. Alikuwa kijana wa watu, asiyependa kumbishia mwanamke mzee mbele ya rafu ya maziwa.

Jumatatu ya kwanza ya likizo Ylva alitapika kabla hajavaa soksi. Akanawa, akasema, "Tayari," na akasimama mlangoni na koti lake hata kabla bibi yake hajafunga chupa ya kahawa. Gatini alitembea akipepesuka. Roald akamfungia koti la kuokolea maisha, akavuta mikanda mpaka mtoto akasema inatosha.

"Mtazameni nahodha mdogo," Roald aliwaambia watu wa boti ya jirani. "Wenzake wanapata miguu ya bahari, ile ya kuyumbayumba, wakishatoka. Huyu kaja nayo kutoka kitandani."

Wakacheka. Ylva naye akacheka, na uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

Solfrid alirudi nyumbani, akafua, akapanga kuni, akaketi jikoni kumenya viazi. Saa nne na nusu simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Gunnvor injini ilikuwa inanguruma polepole.

"Mama, anatapika."

"Vizuri. Mwambie mimi nilitapika kwenye kofia."

"Mama, sikiliza. Hana kitu tumboni tena lakini haachi. Analia kichwa. Na macho yake..."

"Yamefanyaje?"

"Yanacheza. Hayatulii hata kidogo. Namwambia atazame upeo, anasema upeo wenyewe ndio unaruka."

Solfrid aliweka kisu chini. Aliiona siku ya jua, kilimani, shavu lenye jamu, na yale macho yaliyokuwa yakisoma mstari usiokwisha. Aliona na maandishi yanayoporomoka. Yote yalikuja pamoja na yakasimama mbele yake wazi kabisa. Lakini pamoja nayo ulikuja uso wa babake, na nyuma ya babake boti zote za kisiwa zikiwa kwenye nyavu siku nzuri kuliko zote za msimu, na watu wote wakiangalia boti moja ikigeuka. Mtoto angeitwa yule aliyegeuziwa boti. Angeitwa hivyo shuleni, na siku ya kipaimara chake, na akiwa mama wa watoto. Katika kisiwa cha watu mia moja na arobaini jina halifi.

"Bahari ikoje?" aliuliza.

Gunnvor alikawia kujibu. "Shwari, mama. Bahari ni shwari."

Nyuma yake injini iliendelea kunguruma.

"Nigeuze?" Gunnvor aliuliza. "Mama, unaonaje?"

"Usigeuze. Mlaze, mfunike, mpe mkate mkavu. Mimi sikugeuziwa, na wewe hukugeuziwa."

"Sawa, mama."

Alilisema kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Simu ikakatika.

Solfrid alimaliza kumenya viazi. Alipokwenda kumwaga maganda alitazama dirishani, na ghuba ilikuwa imelala kama maziwa ndani ya bakuli. Hapakuwa na wimbi la kumlevya hata paka. Akasimama pale, ndoo ya maganda mkononi. Simu ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka alipo. Alijiambia kwamba nyuma ya kisiwa mtandao huwa haupatikani, ingawa alikuwa ametoka kuzungumza nao sasa hivi. Alijiambia kwamba Gunnvor ana akili zake. Akarudi akaketi. Hakupiga. Alichemsha viazi, akavichuja, akavifunika kwa taulo ili visipoe, na hakupiga.

Saa tisa alasiri alisikia helikopta.

Yaliyotokea boti ikiwa huko alielezwa na Roald baadaye, gatini, kofia yake ikiwa mkononi. Tangu saa nne na nusu Roald hakugusa wavu. Alikaa sakafuni na kichwa cha mtoto juu ya mapaja yake, akakiegemeza kwa mikono miwili kisitikisike, maana kila kilipotikisika mtoto alilia. Alimwimbia nyimbo zote alizozijua na alipozimaliza akaanza za Krismasi. Gunnvor alivuta nyavu peke yake, na zilikuwa zimejaa. Saa nane na nusu Roald alimwita Ylva kwa jina lake na Ylva hakuitika. Alipofumbua macho, moja lilikwenda huku na lingine likabaki. Roald akavua koti lake akaliweka chini ya kile kichwa, akainuka, akaenda akaweka mkono wake juu ya usukani.

"Geuza," alimwambia nahodha wake. "La sivyo nageuza mimi."

"Mama kasema..."

"Mama yako yuko jikoni, Gunnvor."

Ndipo boti ikageuka, na ndipo walipoita msaada kwenye redio.

Ulikuwa ni uvimbe, nyuma ya kichwa, chini, mahali mwili unapojulia kusimama na macho yanapojulia kutulia. Ukubwa wa plamu. Ulikuwa umeziba njia ya maji ya ubongo, na maji yalikuwa yanajaa kwa wiki kadhaa yakikandamiza kila kitu. Jioni ileile walimtoboa fuvu kuyapunguza. Siku ya tatu wakamfungua kuuondoa. Madaktari walisema haukuwa wa aina ile mbaya kabisa, na Gunnvor alilia kwa mara ya kwanza.

Solfrid alifika siku ya pili, kwa feri na kwa ndege, katika hospitali kubwa ya mjini. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alivuta kiti akaketi nao, magoti kwa magoti, asizungumze nao akiwa wima. Solfrid aliuona wema huo. Daktari aliuliza mambo mengi, kisha akauliza:

"Macho yalianza lini kucheza?"

"Jumatatu," Gunnvor akajibu. "Kwenye boti."

Hapo Solfrid angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Kilimani watu walikuwa wamelitazama jua.

"Tarehe ishirini na nane Januari," alisema. "Saa sita kasoro dakika kumi mchana."

Gunnvor akageuka kumtazama. Daktari akaandika.

"Aliona majua mawili," Solfrid akaendelea, kwa sababu ukishaanza huwezi kuishia njiani. "Na mwalimu wake alinijia mara mbili, akaniomba nesi amtazame. Nilikataa mara zote mbili. Na Gunnvor alinipigia simu kutoka baharini. Nikamwambia asigeuze."

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha, kwa upole, akasema kwamba dalili hizi huwadanganya watu wengi, na huwadanganya hata madaktari.

"Lakini wiki nne?" Gunnvor aliuliza. Hakumtazama mama yake tena. "Tungekuja wiki nne kabla?"

"Wiki nne ni nyingi," daktari alisema. Hakutaka kuwadanganya.

"Na zile saa nne za baharini?"

"Saa nne sijui. Hakuna atakayejua."

Wakabaki na hilo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema anayelisikia huvunjika nini.

Kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa, Gunnvor alisimama na kikombe cha karatasi asichokinywa.

"Nilikwambia bahari ni shwari."

"Uliniambia."

"Nilitaka useme nigeuze, mama. Ndiyo maana nilipiga. Kama nilitaka kuendelea ningeendelea tu, nisingekupigia."

Solfrid aliitazama mashine ya kahawa.

"Sikulaumu," Gunnvor akasema. "Usukani nilikuwa nao mimi." Akampa mama yake kile kikombe. "Kunywa, hujala kitu tangu jana."

Solfrid angependelea kupigwa kofi.

Ylva hakusema neno kwa wiki tatu baada ya kufunguliwa. Alilala akitazama dari, na macho yake yakicheza juu ya dari. Kisha siku moja alisema "maji", na kuanzia hapo maneno yakarudi moja moja, mazito, kama redio yenye betri inayokwisha. Walimfundisha kuketi. Walimfundisha kusimama na kigari cha kushikilia. Macho hayakuacha kucheza. Daktari alisema huenda yakapungua, na huenda yasipungue. Mtoto mwenyewe aligundua kwamba akigeuza uso kushoto na kutazama kwa pembe ya kulia, kuna mahali padogo ambapo vitu husimama. Tangu hapo akawa anawatazama watu hivyo, kiupande, kama ndege kwenye uzio.

Solfrid alirudi kisiwani mwezi wa Machi, kwa sababu nyumba ya wageni ya hospitali ilikuwa na kitanda cha mzazi mmoja tu. Hakuna aliyemlaumu. Walimletea maandazi ya samaki. Waliondoa theluji ngazini kwake kabla hajaamka. Mwenye duka, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimpimia kahawa bila kumtania na kumwambia kwamba hata yeye alikuwepo siku ile na alicheka, sasa nani angejua. Kila wema ulimwingia Solfrid kama mwiba wa samaki: mdogo, na hauonekani ukiutafuta.

Asubuhi moja aliyekuwa anaondoa theluji alikuwa Eskil. Solfrid alifungua mlango. Kijana akaegemea koleo lake, pumzi ikitoka kama moshi.

"Ningekuja mara ya tatu," alisema. "Kila siku nawaza hilo. Au ningemwita tu nesi bila kukuuliza."

Solfrid alimtazama, akaona kwamba hakuwa amelala vizuri kwa siku nyingi, na kwamba macho yake yalikuwa mekundu kwa kosa lisilokuwa lake.

"Ulikuja mara mbili, mwanangu," alimwambia. "Mimi niliyekuwa ndani sikuja hata moja. Ingia unywe kahawa."

Aliingia.

Habari ya boti Solfrid aliisikia dukani, mwezi wa Aprili. Mtu alisema kwamba mpwa wa Roald ataichukua msimu ujao, na kwamba Gunnvor amefanya vizuri kupata kazi ya ghalani kule mjini na nyumba karibu na hospitali. "Ulimshauri vyema," mtu huyo akasema. Solfrid alikuwa anachagua vitunguu. Akasema, "Ndiyo." Akachagua vitunguu vitatu, akalipa, akatembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu.

Mwezi wa Mei Gunnvor alimwalika. Alimpokea uwanja wa ndege, akamnyang'anya begi asilibebe, akamfungulia mlango wa gari. Nyumba ilikuwa ndogo na safi. Solfrid alitandikiwa shuka mpya, kitanda cha Gunnvor mwenyewe, naye Gunnvor akalala kwenye kochi. Alipewa kiti cha dirishani. Ylva alikuja na kigari chake, hatua kwa hatua, ulimi ukitoka kidogo kwa bidii.

"Bibi, kaa upande huu," alisema, polepole. "Hapo ndipo nakuona."

Solfrid akahamisha kiti. Mtoto akageuza uso, akampata, akamshikilia kwa ile pembe ya jicho kwa muda mrefu.

"Umezeeka," Ylva akasema.

"Kidogo."

"Mimi pia."

Wakacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kweli, cha pekee siku ile.

Simu ya Gunnvor ililia. Aliitazama, akatoka nayo kibarazani, akavuta mlango wa kioo nyuma yake. Solfrid alimwona anavyosikiliza, anavyokuna shingo, anavyouliza swali na kusubiri jibu. Aliijua hiyo namna ya kuuliza. Kwa miaka thelathini na kitu aliisikia ikielekezwa kwake. Akainuka akaanza kuosha vikombe, kwa sababu mikono yake ilitaka kitu.

Gunnvor aliporudi alimchukulia sifongo mkononi. "Kaa, mama. Usijichoshe, umesafiri."

"Nani alikuwa?"

"Watu wa hospitali. Na shule ya huku."

"Wamesemaje?"

"Tumeshaelewana."

"Kuhusu nini?"

"Mambo ya muhula wa vuli. Usijali." Alimmiminia kahawa, kikombe kizuri, chenye kisahani. Akaleta na bakuli la sukari, akaliweka mbele yake kwa adabu. "Sukari kiasi gani?"

Solfrid alikuwa hajatia sukari kwenye kahawa maisha yake yote, na hakuna aliyejua hilo kuliko binti aliyemmiminia kahawa tangu akiwa na miaka sita, amesimama juu ya kigoda. Alimtazama usoni kuona kama ni kijembe. Hakikuwa kijembe. Gunnvor alikuwa amechoka, na anamkarimu mgeni.

"Kijiko kimoja," Solfrid akasema.

Gunnvor akamtilia, akamkorogea, na Solfrid akainywa yote.